Mume Wangu, Mimi na Jukeboksi

Alinunua mashine mbovu ya muziki kwa pesa za vigae. Nikafunga virago. Leo ndiyo kitu cha kwanza tunachomwonyesha mgeni akiingia sebuleni. Kati ya siku ile na leo yamepita mengi.

Mpenzi msomaji, wanawake wenzangu wanagombana na nyumba ndogo. Mimi mwenzenu ndoa yangu ilitaka kuvunjika kwa ajili ya kabati la vioo linaloimba. Usicheke. Siku lilipoingia ndani lilikuwa hata haliimbi.

Ilikuwa Septemba 2019, nyumbani kwetu Kiseke, hapa Ilemela. Saa moja jioni lori likasimama getini, wakashuka vijana wanne wamebeba kitu kimefunikwa turubai, kizito kuliko friji. Baba watoto akatangulia mbio. "Mama watoto, usipaniki," akaniambia. Mwanamke yeyote anajua, mume akianza na maneno hayo, la kupaniki lipo.

"Hiki nini?"

"Jukeboksi."

"Inafanya nini?"

"Inapiga muziki."

"Haya, iwashe."

Kimya. Halafu taratibu: "Kwa sasa hivi haipigi."

Bei yake ilikuwa shilingi 1,800,000. Usafiri kutoka Kisumu kupitia Sirari, 350,000. Mimi nilikuwa nazijua hizo pesa kwa majina. Zilikuwa vigae vya sebule na choo cha ndani. Tulikuwa tumezikusanya pamoja mwaka mzima na zaidi, mimi kwenye duka langu la vitenge Kirumba, yeye kwenye mshahara wake. Vigae vikawa vimegeuka sanduku la kutu lenye kinyesi cha panya ndani.

Usiku ule hatukulala. Asubuhi nikachukua mtoto mdogo na begi moja, huyoo, kwa dada yangu Magu.

Jukeboksi ni kitu gani?

Kwa vijana waliozaliwa simu ikiwa ndiyo redio, naomba niwaeleze kidogo. Jukeboksi ni mashine ya muziki ya baa na hoteli. Ndani yake zimepangwa santuri, zile sahani nyeusi za muziki. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza herufi na namba ya wimbo unaoutaka, halafu mkono wa chuma unaichomoa santuri yako, unailaza, sindano inashuka, muziki unaanza. Wimbo ukiisha, mkono unairudisha santuri mahali pake bila mtu kugusa kitu.

Mashine ya kwanza ya muziki ya kutumbukiza sarafu iliwekwa na Louis Glass kwenye baa moja ya San Francisco, Marekani, mwaka 1889. Haikuwa na spika. Wateja walisikiliza kwa mirija kama ile ya daktari anayopimia mapigo ya moyo. Spika zikaja baadaye, na mwaka 1946 kampuni ya Wurlitzer ikatoa ile 1015 yenye taa za rangi na mapovu yanayopanda kwenye mirija ya vioo, ambayo mpaka leo ndiyo watu wanayoichora wakitaka kuchora jukeboksi. Ilibeba santuri 24. Mwaka 1948 Seeburg wakaja na mashine ya nyimbo 100, na mwaka 1949 zikatoka santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Hizo ndogo ndizo zilizokuja kuijaza Afrika Mashariki.

Hata neno lenyewe lina asili ya huku kwetu. Wataalamu wa lugha wanalifuata neno "juke" mpaka kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, na kutoka hapo mpaka lugha za Afrika Magharibi. Lilikuwa na maana ya fujo, fujo za starehe. Mimi sikubishi. Kwangu fujo ilikuja kweli.

Ya kwetu ni Rock-Ola. Usidhani ni jina la muziki wa roki. Ni jina la ukoo la mwenye kampuni, David Rockola wa Chicago. Inabeba santuri 50 zilizopangwa kwa duara kama vipande vya chungwa, na kwa kuwa kila santuri ina pande mbili, ni nyimbo 100. Ilipiga kazi miaka mingi kwenye baa ya Kisumu, ikaja kutupwa stoo kaseti zilipoingia.

Alichoniambia mama mkwe

Siku ya tatu nikiwa Magu, simu ikaita. Mama mkwe. Nikajua napigiwa kufokewa. Nikapiga magoti na simu mkononi, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mtoto hajambo?" Akanyamaza kidogo. "Huyo mumeo kakosea. Hilo nimeshamwambia mwenyewe. Ila nikuulize, alishakueleza habari za mfuko wa chini ya kitanda changu?"

Hakuwahi kunieleza. Miaka kumi ya ndoa, hakuwahi.

Marehemu baba mkwe alikuwa baharia wa ziwani. Alifanya kazi kwenye MV Victoria, ile meli iliyoanza safari mwaka 1961, enzi hizo reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa chini ya shirika moja. Mwanza, Bukoba, Port Bell, Kisumu, mwezi unaisha yuko majini. Meli ikifunga Kisumu, mabaharia walikwenda baa yenye jukeboksi. Mzee alikuwa hanywi, lakini muziki alikuwa anaupenda kupita kiasi. Anakaa na soda yake moja, anatumbukiza sumni, anasikiliza. Wimbo ukimgusa, kesho yake anautafuta dukani, anainunua santuri na kuileta nyumbani.

Shida ni kwamba nyumbani hapakuwa na kitu cha kuipigia. Kila mwaka alikuwa anasema mwakani atanunua gramafoni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, safari za Kisumu zikaisha. Gramafoni haikununuliwa. Mzee akafariki, zikabaki santuri 63 kwenye mfuko wa turubai chini ya kitanda. Mume wangu alikua akizipanga sakafuni kama sahani za kitoto, anasoma majina ya bendi, anazirudisha. Wimbo hata mmoja hajausikia kutoka kwenye santuri hizo.

"Sasa ukirudi usirudi kwa sababu yangu," mama mkwe akamalizia. "Rudi mkaongee. Na wewe kama una la kwako, liseme hukohuko."

Hilo la mwisho likanichoma. Kwa sababu lipo.

La kwangu

Wasomaji wangu, tusidanganyane. Pesa za vigae zilikuwa za wote wawili, na mume wangu alizitumia bila kuniuliza. Kosa. Lakini mimi nilikuwa na kikoba. Mwaka ule kilipovunjwa nilipata 1,200,000 na nikanyamaza kimya. Nikaziweka pembeni, si unajua tena, za dharura. Wakati namlilia dada yangu kwamba mwanaume kanificha, mimi mwenyewe nilikuwa nimemficha tangu Desemba.

Nikarudi. Tukakaa uani usiku watoto wamelala, upepo wa ziwa unapiga, na kila mtu akaweka mezani la kwake. Haikuwa sinema. Aliposikia habari za kikoba aliondoka, akazunguka mtaa mzima kwa miguu, akarudi saa sita kasoro. Akaniuliza swali moja tu: "Ulidhani nikijua nitazichukua?" Nikamjibu ukweli: ndiyo. Akasema, "Na mimi nilidhani nikikuuliza utakataa." Na kweli ningekataa.

Usiku ule tukaandika kwenye daftari la mtoto la hesabu. Kwanza, vigae vinaanza kabla ya matengenezo yoyote ya jukeboksi, na anayelipa ni yeye, kidogo kidogo. Pili, jukeboksi ina bajeti yake ya mwezi, 40,000, haizidi hata senti. Tatu, kikoba changu kinajulikana ndani ya nyumba, lakini kinabaki changu. Nne, mashine isipopiga wimbo mpaka mwisho wa mwaka 2020, inauzwa.

Kazi ya kuifufua

Fundi wa kwanza, jina namhifadhia, alifika kwa mbwembwe na bisibisi mbili. Akaichomeka moja kwa moja ukutani "tuone". Tukaona moshi. Watoto wakapiga makelele, mimi nikakimbilia swichi kubwa. Nyaya zilikuwa zimetafunwa na panya, yeye hakufungua hata mfuniko kuangalia.

Fundi wa pili tulimpata Pasiansi. Mzee wa zamani, alianza na redio za mbao zenye taa ndani, zile unazowasha ukasubiri zipate moto kwanza. Siku ya kwanza hakugusa umeme kabisa. Alifungua, akatoa viota vya panya, akaipuliza vumbi, akachora kwenye karatasi kila waya unakotoka na unakokwenda. Mume wangu akamwuliza, "Mzee wangu, tuwashe lini?" Akajibu, "Kijana, mtu aliyelala miaka 30 humwamshi kwa kofi."

Nilikuwa nimeapa sitaisogelea. Lakini kazi yenyewe inafanyikia sebuleni kwangu, nitafanyaje? Nikaanza kwa kuleta chai, nikaishia nimeshika tochi. Nikajifunza kwamba kwenye mashine iliyolala muda mrefu, cha kwanza kufa ni kapasita za amplifaya, vile vitu kama vibetri vidogo vinavyotunza umeme na kuuachia. Ndani yake hukauka. Ukiwasha kwa pupa zinaweza kupasuka na kuunguza transfoma, na transfoma ndiyo roho ya mashine. Alizibadilisha zote. Zingine zilipatikana kwenye maduka ya vipuri mjini, zingine zikaagizwa Dar.

Siku ya kuwasha alitumia ujanja wa mafundi wa zamani. Alipitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida ya wati 100, ndipo uende kwenye mashine. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima haraka. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, uko salama. Ya kwetu ilifanya kama kukonyeza, ikafifia. Taa za mbele zikawaka, nyekundu na manjano. Mtoto wa mwisho akapiga makofi.

Lakini muziki bado. Gurudumu la mpira linalozungusha sahani lilikuwa limekuwa gumu kama kisigino, sahani inazunguka kwa kusuasua. Fundi mmoja wa kukereza vyuma mjini akatuvalishia mpira mpya. Sindano ilikuwa imekwisha, tukaagiza. Viunganishi vya vitufe vilikuwa na kutu ya hewa ya ziwani. Hivyo alivisafisha kimoja kimoja, jioni nne. Na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama moshi, walijazana ndani kila tulipoacha mfuniko wazi na taa inawaka. Kazi ya kuwafagia kwa brashi ilikuwa yangu.

Sitawaficha, kuna miezi tuliyosimama kabisa kwa sababu 40,000 ilikuwa imeisha. Alitaka kuomba nyongeza, nikaona mdomo unafunguka na kufunga. Hakuomba. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwamini tena.

"Haujaisha huo"

Oktoba 2020 tukamwalika mama mkwe. Vigae vilikuwa vimeshawekwa, nusu ya sebule. Mfuko wa turubai ukafunguliwa. Santuri tulikuwa tumeziosha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, tukifuata mistari yake na kukwepa karatasi ya katikati. Nne zilikuwa zimepinda, mbili zimevunjika. Zilizobaki zilikuwa nzima.

Mama akachagua ya Mbaraka Mwinshehe. Hakutaka kuelezwa sana. Akabonyeza herufi, akabonyeza namba. Mashine ikanguruma, duara likazunguka, likasita, mkono ukachomoa santuri. Kwanza mkwaruzo, halafu magitaa.

Mume wangu alisimama kama amepigwa na butwaa. Santuri aliyoichezea kama sahani ya kitoto alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza, na ana miaka 46.

Magitaa yakiwa yameanza kuchanganya, wimbo ukazama taratibu, ukakata. Mkono ukairudisha santuri. Tukapiga makofi. Mama mkwe peke yake hakupiga.

"Haujaisha huo," akasema. "Baba yenu aliniambia. Geuza upande wa pili."

Na ni kweli. Bendi zetu za miaka ile zilipiga nyimbo ndefu, lakini upande mmoja wa santuri ndogo una nafasi ya dakika chache tu. Bendi zikirekodi Dar, santuri zikichapwa Nairobi, wimbo ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Ndiyo maana kwenye jukeboksi mteja alilipa mara mbili kusikia wimbo mmoja mpaka mwisho. Mzee alikuwa amemweleza mkewe hilo. Mkewe alikuwa amelitunza zaidi ya miaka 40 bila kuusikia wimbo wenyewe.

Nikabonyeza mimi upande wa pili. Mama akajifunga kanga vizuri, akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Baadaye akaomba chai.

Kwa anayetaka kuingia kwenye hobi hii

Najua kuna msomaji ameshaanza kutafuta. Jukeboksi ni adimu hapa kwetu, lakini gramafoni na zile redio za kabati zenye sehemu ya santuri bado zipo kwenye mastoo ya wazee. Kwa santuri zenyewe, wapenzi wengi wanamjua Jimmy Rugami, aliyejipatia jina kwa kibanda chake cha Kenyatta Market, Nairobi. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa gharama:

- Ongeeni kwanza. Andikeni bajeti na tarehe ya mwisho. Hobi isiyo na kikomo inageuka kuwa mke mwenza.
- Usichomeke mashine iliyolala. Fungua, safisha, kagua nyaya, badilisha kapasita, ndipo uwashe kupitia balbu. Hata ikishachomolewa, kapasita zinaweza kubaki na umeme wa kukuua. Kama hujui, mwachie fundi, na watoto wakae mbali.
- Fyuzi ikiungua usiweke waya. Fyuzi imekuambia kuna tatizo, litafute. Na hakikisha mashine ina waya wa ardhini.
- Ukiletewa mashine na ndugu wa Marekani, ujue umeme wao ni wa volti kama 117 na mizunguko 60 kwa sekunde, wa kwetu ni 230 na mizunguko 50. Transfoma ya kushusha volti pekee haitoshi. Mota nyingi za zamani hufuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo santuri ya 45 itazunguka kama mara 37 na nusu kwa dakika, na mwimbaji atasikika kama ana usingizi. Puli ya mota nayo ibadilishwe.
- Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, nunua kidhibiti cha umeme kabla ya kununua santuri.
- Santuri zisimame wima, mbali na jua. Zile nzito za zamani za mizunguko 78 usizisafishe kwa spiriti, zitayeyuka. Zile adimu zirekodi kwanza kwenye kompyuta, kwa sababu kila sindano inapopita inachukua chake.
- Pima mlango. Ya kwetu ina zaidi ya kilo 100, na ilibidi tung'oe fremu.

Leo hii

Juu ya jukeboksi tumeweka kopo la maziwa lenye tundu. Anayetaka wimbo anatumbukiza sarafu, na anayetaka upande wa pili anatumbukiza tena. Hata wifi zangu wanalipa. Ndizo pesa za sindano na mipira. Mwaka jana kopo hilo lilinunua vipuri vyote, daftari la hesabu halikuguswa.

Vigae vimekwisha sebule nzima, na choo cha ndani kipo. Kikoba changu kinaendelea, na kikivunjwa natangaza kiasi mezani, yeye anasema hongera, basi. Bado tunagombana, sisi si malaika. Mwezi uliopita amekuja na habari za gramafoni ya mkono iliyoonekana Sengerema. Safari hii alianza na, "Mama watoto, naomba tuongee."

Nimemwambia aniletee bei kwanza.

Na wewe msomaji, mwenzako ana mfuko gani chini ya kitanda ambao hujawahi kumwuliza? Na wa kwako, yeye anaujua?